Wingu la Jioni Ndefu

Shangazi Rahabu alitupa mashina ya viazi juu ya meza yangu, udongo ukamwagikia kwenye kibodi, wala hakuomba radhi.

"Zimeni taa yenu," alisema.

Nilikuwa nimeshainuka kumwamkia. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Zimeni taa yenu."

Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka Ihela, bonde lililo chini ya kituo chetu cha darubini cha Kitulo, na khanga yake ilikuwa na umande hadi magotini. Niliyatazama yale mashina. Yalikuwa marefu na yamenona, majani ya kijani kibichi ambayo mtu asiyejua kilimo angeyasifia. Chini, mahali ambapo pangepaswa kuwa na viazi, palining'inia mizizi myembamba kama nywele. Hapakuwa na kiazi hata cha ukubwa wa njegere.

"Taa gani, shangazi?"

"Hiyo mnayoiwasha jioni. Jua likizama, linachomoza jingine. Kuku wangu hawaingii bandani, wanasimama uani kama wageni waliokosa mwenyeji. Bondeni kote watu wanasema ni ninyi wa darubini."

"Darubini haitoi mwanga. Inapokea tu."

"Kila mpokeaji husema hivyo. Kamuulize mwenyekiti wetu wa kijiji."

Ningecheka, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha. Nimezaliwa Ihela. Nilikua kwenye vinyungu vile vya bondeni, ambako udongo hubaki na unyevu hata kiangazi, na najua kile ambacho kila mtu wa huko anakijua: kiazi chetu kinataka usiku mrefu. Giza ndilo linaloliambia shina liache kuzaa majani na lianze kujaza chini. Ukilinyima giza, litaota majani mpaka lichoke.

Nilijua pia ni nani anayeuza jua la jioni. Kampuni ya Jioni Ndefu ilikuwa imetandaza vioo angani, vyepesi kama karatasi na vipana kama mashamba, ili viurudishe mwanga wa jua kwenye Jiji la Ruaha baada ya machweo, viwanda visisimame. Leseni yao ilisema mwanga utaangukia jijini tu. Watu wa Ihela walipolalamika, Jioni Ndefu walijibu kwamba mbegu zao za viazi ni mbovu. Keshokutwa Baraza la Anga lingesikiliza shauri hilo katika ukumbi wa kata. Baraza likilitupa, leseni ingeongezwa kwa kizazi kizima.

"Tulipeleka picha za simu," shangazi alisema. "Wakatuangalia kama watoto."

Hilo nalo nililijua. Siku hizi simu yoyote inaweza kuchora picha ya tembo akiendesha baiskeli, na hakuna baraza linalopokea picha ya simu kama ushahidi. Kinachopokelewa ni rekodi za Zamu.

Zamu ndiyo programu inayoendesha darubini yetu, na maelfu ya darubini nyingine za shule, vyuo na watu binafsi duniani kote. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kupendekeza badiliko. Jioni ikifika, Zamu inapima upepo, unyevu na mawingu, inafungua yenyewe kuba linaloifunika darubini, kisha inawapa watu zamu zao za kutazama, awe profesa wa Antananarivo au mwanafunzi wa kidato cha pili wa Kasama. Kila inachofanya inakiandika na kukitia saini, na nakala zinatunzwa na watu wasiojuana. Ndiyo maana inaaminiwa. Mimi ni mmoja wa watunzaji wake. Nilijiunga nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa sababu sikuwahi kuona kitu kingine ambacho watu wa dunia nzima walikuwa wamekijenga pamoja bila mtu mmoja kukiwekea uzio.

"Una jicho kubwa huku juu," shangazi alisema, "na wewe ni mtoto wa kaka yangu. Nionyeshe jicho lako limeona nini."

Niliona aibu kidogo. Darubini inayojiendesha haihitaji mtu jioni. Mimi ni mtu wa mchana: nasafisha vioo, napaka grisi kwenye reli za kuba, nasoma misimbo, na alasiri nashuka kwangu Matamba, upande wa pili wa mlima. Mara kadhaa nilikuwa nimeona weupe nyuma ya kilele nikadhani ni jiji. Hakuna mtu wa kituo aliyekuwa akiliangalia anga, kwa sababu tulikuwa na darubini.

Nilifungua rekodi za mwezi mzima. Kila jioni, muda mfupi baada ya machweo, palikuwa na mstari uleule: *Kuba limefungwa. Sababu: wingu.*

Shangazi alivaa miwani yake akasoma kwa sauti, polepole. Kisha akaivua.

"Wingu," alisema. "Mwezi wa tisa, kiangazi. Kitulo."

Niliusoma tena ule mstari.

"Mwanangu, hata mtungaji wa uongo mzuri humwuliza mwenyeji kwanza kama mvua ilinyesha."

* * *

Kihisi cha mawingu kilikuwa kizima. Nilikichunguza kwa mkono, nikakipima dhidi ya barafu na dhidi ya anga jeupe la mchana ule. Kiliniambia ukweli kila mara. Kwa hiyo aliyesema uongo alikuwa juu yake, ndani ya msimbo.

Nilianza kusoma. Shangazi alikuwa ameketi karibu na dirisha, akila mahindi ya kuchemsha aliyokuja nayo, akiniuliza kila baada ya muda kama nimempata mwizi.

Nilimpata mchana. Alikuwa ameingia miezi mitatu nyuma, mlangoni, mchana kweupe. Badiliko lilikuwa limepewa jina zuri: *Kulinda kamera dhidi ya mwanga mkali.* Lilisema kwamba kioo cha Jioni Ndefu kikikaribia anga la darubini, kuba lifungwe ili kamera isiungue. Hilo halikuwa na ubaya. Kamera huungua kweli. Lakini mistari kadhaa chini, mahali pa kuandika sababu, msimbo uliandika: wingu.

Kila darubini iliyokuwa imepokea toleo jipya, kila jioni kioo kilipopita, ilikuwa imefumba jicho na kutia saini kwamba anga lilikuwa limefunikwa. Baraza lingeuliza rekodi, na rekodi zingejibu kwa pamoja, kutoka nchi kumi, kwamba hakuna mwanga ambao ungeweza kufika mashambani jioni zile kwa sababu kulikuwa na mawingu. Shangazi yangu angesimama mbele ya watu akaitwa mwongo na mashine yangu mimi.

Nilimpigia Guyo Halakhe. Guyo anatunza darubini ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na yeye ndiye aliyekuwa ameidhinisha badiliko lile. Kwetu hakuna anayeidhinisha kazi yake mwenyewe. Lazima pawe na jicho la pili, kisha badiliko liwekwe juani, yaani mahali pa wazi, kwa siku saba, ili yeyote mwenye shaka aseme.

"Dada Twilumba," alisema akitabasamu kwenye skrini. "Umenikumbuka hadi unapiga mchana? Huku ngamia wawili wamelala mbele ya mlango, sitoki leo."

"Guyo, fungua badiliko la kulinda kamera. Soma sehemu ya sababu."

Nilimwangalia akisoma. Tabasamu lilikwisha taratibu.

"Nililijaribu hili," alisema. "Wallahi, Twilumba, nililijaribu. Lilipita majaribio yote."

"Ulilijaribu wapi?"

Alishajua, nami nilijua pia. Kabla ya kuidhinisha badiliko lolote, tunaliendesha kwenye anga la majaribio, anga la kuigiza lililochorwa na waanzilishi wa Zamu. Lina nyota zote, sayari zote, hata vimondo vya Agosti. Halina kitu hata kimoja kilichotengenezwa na binadamu. Wale wazee walilichora anga kama walivyotamani liwe. Wote tuliofuata tulilipenda hivyo hivyo, hakuna aliyetaka kulichafua. Kwa hiyo msimbo uliosubiri kioo ulikaa kimya humo ndani, hakuna kioo kilichopita, na majaribio yakasema: salama.

"Mimi ndiye niliyewafungulia," Guyo alisema.

"Sote. Lilikaa juani siku saba. Mimi sikulisoma."

Nyuma yangu shangazi aliuliza, "Huyo ndiye mwizi?"

"Hapana, shangazi. Huyu ni mlinzi aliyelala."

"Shikamoo, mama," Guyo alisema kwa unyonge.

"Marahaba, mlinzi."

* * *

Aliyeandika badiliko alikuwa ameacha jina lake na namba, kama sheria yetu inavyotaka: Mhandisi Ombeni Lyatuu, Jioni Ndefu. Nilimpigia nikitarajia kwamba hatapokea. Alipokea mara moja, kwa sauti ya mtu mwenye adabu njema.

"Nimefurahi kuzungumza na mtunzaji," alisema. "Sisi tunaithamini sana kazi yenu ya kujitolea."

"Kwa nini uliandika wingu?"

"Samahani?"

"Kuba linafungwa kwa sababu ya kioo chenu. Rekodi inasema wingu. Kwa nini?"

Alieleza kama mwalimu. "Dada yangu, Zamu inatambua sababu nne tu za kufunga kuba. Upepo, unyevu, wingu na mapambazuko. Hakuna sababu inayoitwa kioo. Tulichagua iliyo karibu zaidi. Kitu kinachopita kati ya darubini na nyota, si ni aina ya wingu?"

"Ungeweza kuongeza sababu ya tano."

"Ningeweza. Hata wewe ungeweza. Ni programu huria." Hakuwa akinikejeli. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Kila kitu tulikifanya waziwazi. Tuliweka majina yetu. Mlikuwa na siku saba za kusoma. Hatukuvunja sheria yenu hata moja."

"Kuna watu hawatavuna."

"Hilo ni suala la mbegu, liko mbele ya Baraza. Mimi ni mtu wa programu tu."

"Ombeni," nilisema, "kwenu wanalima nini?"

"Migomba."

"Mama yako akikuta mikungu imeota bila ndizi, akaambiwa na mashine yako kwamba hajui kuangalia juu, utamwambia nini?"

"Nitamwambia asubiri uamuzi," alisema, na nilisikia kwamba hakulipenda jibu lake. Kisha akaniaga kwa heshima na kukata simu.

Nilikaa na simu mkononi. Mtu akikuvunjia mlango, una haki ya kupiga kelele. Huyu alikuwa amebisha hodi. Tulikuwa tumemkaribisha, tukampa kiti, tukamshukuru kwa mchango wake. Alichukua uaminifu wetu, kitu pekee tulichokuwa nacho, akakitumia kama gunia la kufichia mali.

* * *

Guyo ndiye aliyelitaja kwanza.

"Mwezi huu ufunguo wa mvua ya mawe uko kwako."

Nilikuwa nikingoja mtu aseme, nikiomba asitokee wa kusema.

Watunzaji hupokezana ufunguo huo, mwezi kwa mwezi. Anayeushika anaweza kutuma badiliko kwa darubini zote duniani kwa wakati mmoja, bila jicho la pili, bila siku saba. Uliwekwa kwa hatari ya ghafla tu: kosa la msimbo linaloacha makuba wazi wakati mvua ya mawe inakuja, au mota zinazojizungusha mpaka ziungue. Kila mwenye darubini anayejiunga na Zamu anakubali ufunguo huo uwepo, kwa sababu tumemwahidi hatutautumia kwa jambo jingine.

"Futa mistari ile," Guyo alisema. "Tuma sasa. Jioni ya leo darubini zote zitakiona kioo. Tukikiona kutoka Marsabit, Lilongwe, Kasama na kwako kwa wakati mmoja, hesabu itaonyesha kimeelekezwa wapi. Keshokutwa shangazi anaingia ukumbini na ushahidi. Tukifuata utaratibu, siku saba zitaisha leseni ikiwa imeshatiwa saini."

"Na kamera zitakazoungua?"

"Nyingine zitaungua. Ndiyo."

"Bila wenyewe kuulizwa."

"Twilumba, wao walituuliza?"

Shangazi alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti changu. Nilimweleza ufunguo ni nini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole usio wa kawaida yake:

"Nyumba ikiungua, mwenye ndoo hangoji kikao."

"Siyo nyumba yangu, shangazi. Ni nyumba za watu. Wamenipa funguo kwa sababu niliapa kwamba sitaingia."

"Na sisi wa Ihela tumekupa nini? Tulikusomesha. Harambee ya kanisani, kila nyumba debe la viazi. Unakumbuka ni viazi, siyo?"

Nilikumbuka. Nililia, na sikujificha. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi, na udongo wa mashina yake ulikuwa bado kati ya vitufe. Nilikuwa nimeshaandika amri. Ilibaki kubonyeza.

Lakini kadiri nilivyoiangalia amri ile, ndivyo nilivyoliona badiliko la Ombeni ndani yake. Yeye alizifumba darubini za watu bila wao kujua, kwa sababu aliyoiona njema. Mimi ningezifumbua bila wao kujua, kwa sababu niliyoiona njema. Na rekodi za jioni hiyo zingekuwa rekodi za nani? Rekodi za Zamu zinaaminiwa kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kuiamuru darubini ya mwingine ione nini. Ningeichukua imani hiyo na kuitumia mara moja tu, kwa ajili ya shangazi yangu. Baada ya hapo isingemfaa shangazi wa mtu mwingine yeyote.

"Hapana," nilisema.

Guyo alishika kichwa. Shangazi alikwenda mezani, akaanza kukusanya mashina yake.

"Ngoja kwanza," nilisema. "Sijasema tukae. Programu ni huria. Mwenye darubini anaweza kuifuta mistari hiyo mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye mashine yake, bila kumngoja mtu. Siwezi kuwaingilia. Naweza kuwabishia hodi."

"Wote?" Guyo aliuliza. "Kabla ya machweo?"

"Wanaoweza kukiona kioo tu. Gawana nami. Wewe kaskazini, mimi kusini."

Niliandika ujumbe mmoja, nikauweka pia mahali pa wazi ambapo Ombeni na kampuni yake wangeusoma:

*Mimi ni Twilumba Sanga, mtunzaji wa Zamu, kituo cha Kitulo. Tuliidhinisha badiliko ambalo linafunga darubini yako kioo cha Jioni Ndefu kinapopita na kuandika kwamba kulikuwa na wingu. Huo ni uongo na una saini yako. Mistari yenyewe iko hapa chini, isome mwenyewe, usiniamini mimi. Ukiifuta na kuacha kuba wazi jioni ya leo, utasaidia kujua mwanga huo unaangukia wapi. Kamera yako inaweza kuungua na hatuna cha kukufidia. Shangazi yangu analima viazi bondeni chini ya kituo hiki na havijazaa. Nakwambia hili ili ujue kwamba nina upande. Uamuzi ni wako.*

Guyo alisoma akasema, "Sehemu ya shangazi itatumika dhidi yako."

"Ndiyo maana nimeiweka."

Tulipiga simu alasiri nzima. Wengine hawakupokea. Mkuu wa chuo kimoja aliniambia nisithubutu kumpigia tena. Mwalimu mstaafu wa Kasama, Bwana Mulenga, alitaka nimsomee mistari yote mara mbili, kisha akaniuliza kuhusu hali ya hewa ya huku na jinsi tunavyopika viazi vyetu, na alikata simu bila kusema atafanya nini. Mtawa mmoja anayetunza darubini ya shule karibu na Bukoba alisema kamera ile ilikuwa zawadi ya wazazi na hana haki ya kuihatarisha. Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Sikumsihi.

Shangazi alikuwa amerudi kuketi dirishani. Mashina yalikuwa kwenye mapaja yake.

* * *

Wakati wa machweo, nilifuta mistari kwenye mashine yetu. Kuba lilifunguka kwa mngurumo, nasi tulisimama nje kwenye majani makavu, shangazi amejifunga blanketi langu. Nyota za kwanza zilitokea. Baridi ilikuwa ile ya Kitulo inayouma meno.

Kisha siku ilirudi. Sijui namna nyingine ya kueleza. Upande wa magharibi kitu kama jicho kilifumbuka angani, na mlima wote ukapata vivuli. Niliona kila jani. Niliona uso wa shangazi, makunyanzi yake yote, na bonde la Ihela chini yetu likiwaka kijani kama saa sita mchana, mapaa ya mabati yaking'aa, mbwa wakibweka. Nilikuwa nimeambiwa. Hata kuamini nilikuwa nimeamini. Lakini sikuwa nimejua, na hasira iliyonishika pale nilitaka kuitupa juu kama jiwe.

"Sasa umeona," shangazi alisema.

Ndani, mashine ililia. Nilikimbia. Kamera yetu ilikuwa imeandika picha moja nzima ya kioo, ya pili nusu, kisha weupe, kisha haikuandika kitu. Miaka mitano ya kuiombea ruzuku, na nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu. Rekodi ilikuwa imetiwa saini na kusambaa.

Guyo alikuwa kwenye skrini. "Marsabit imeona. Kamera nzima." Akaipitia orodha. "Lilongwe wamefungua. Antananarivo wamefungua. Wale wa Songea pia, na yao imeungua."

"Kasama?"

"Hakuna kitu."

Kisha ujumbe uliingia, umeandikwa kwa herufi kubwa kama wazee wanavyoandika: NILICHELEWA KUPANDA NGAZI. NIMEFUNGUA KWA MKONO. PICHA TATU. MULENGA.

Darubini ya Bukoba ilibaki imefungwa. Katika rekodi zake za jioni hiyo kuliandikwa wingu, na chini yake yule mtawa alikuwa ameongeza kwa saini yake mwenyewe: *Si kweli. Nilikuwa uani nikitazama. Anga lilikuwa safi.*

* * *

Ukumbi wa kata ulijaa hadi madirishani. Watu wa Ihela walikuwa wamekuja wote, waliosimama wakiwa wengi kuliko walioketi. Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, aliniuliza maswali mawili tu kuhusu rekodi.

"Ulikuwa na ufunguo wa kuziamuru darubini hizi. Uliutumia?"

"Hapana."

"Kila aliyefungua alijua anachofanya?"

"Ndiyo. Na waliokataa wamo kwenye orodha, pamoja na sababu zao."

Aliyageuza makaratasi, akamtazama mwanasheria wa Jioni Ndefu. Ombeni alikuwa ameketi nyuma yake, macho kwenye viatu vyake. "Rekodi zinapokelewa," mwenyekiti alisema. "Mwanga uliangukia Kitulo. Una la kusema?"

Nilidhani watakana. Mwanasheria alisimama bila haraka, akafungua koti.

"Mheshimiwa, hatupingi tena kwamba mwanga ulifika huko. Vioo vinahitaji mahali pa kujinyooshea kabla ya kuelekezwa jijini. Mahali hapo palichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Katika ramani iliyoambatanishwa na leseni, tambarare ya Kitulo pamoja na mabonde yake imewekwa katika daraja la eneo tupu. Hakuna makazi. Mwanga unaoangukia eneo tupu haumdhuru mtu."

Sikuamini masikio yangu. Mistari ya wingu, saini zetu, kamera zilizoungua, yote hayo yalikuwa ukuta wa nje tu. Huu ndio uliokuwa msingi: kabla hawajatudanganya, walikuwa wameshatufuta. Nilisimama, mdomo umejaa maneno, na sijui ningesema nini. Shangazi Rahabu alinivuta sketi nikaketi.

"Naomba kusema," alisema.

"Sema, mama."

Alisimama, akaitengeneza khanga yake mabegani. Hakumtazama mwanasheria wala mwenyekiti. Aligeuka, akawapa mgongo, akautazama ukumbi, na kusalimia kwa salamu ya kwetu, kwa sauti ileile anayotumia asubuhi kutoka ng'ambo moja ya bonde hadi nyingine.

"Kamwene."

Wakajibu wote. Waliokaa, waliosimama, walioning'inia madirishani, na wale waliokosa nafasi, ambao mwenyekiti hakuwa amewaona, huko nje kwenye nyasi hadi barabarani. Jibu lilikwenda mbali na lilichukua muda kuisha.

Shangazi aliligeukia Baraza.

"Haya," alisema. "Endeleeni."